Kioo cha Bi. Nakiete

Vikwanguzi kumi na viwili vilipanda kioo cha tangi vikiwa vimejipanga safu. Kila kimoja kilikuwa roboti ndogo kama punje ya choroko, inayopata nguvu kutokana na mwanga wa taa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukwangua chochote kilichonata kwenye kioo.

Aliyevibuni ni mhandisi Tusekile, na ndiye aliyevitia kwenye tangi la kufugia konokono la mama mkwe wake, Bi. Nakiete, mjini Same. Tusekile hakuwahi kufika ukweni akakaa kitako kabla ya kushika kazi. Lakini safari ile, mwaka 2091, mashine za nyumba zilikuwa zimeshafagia, zimepika na kufua. Kilichobaki kichafu kilikuwa kioo kile, kimeota utando wa kijani. Hakuuliza. Mkamwana mwenye adabu haulizi, anafanya.

Kila wiki alipiga simu.

"Mama, kioo kikoje?"

"Kinang'aa, mwanangu. Asante sana."

Miezi mitatu baadaye alirudi. Kioo kilikuwa safi kana kwamba hakipo. Ndani, konokono wa maji wawili tu walikuwa wamejikunyata mchangani.

"Mama, si walikuwa arobaini? Wengine wako wapi?"

Bi. Nakiete alikunja upindo wa kanga yake, akaukunjua.

"Wamekufa, mwanangu. Chakula chao kilikuwa ule ukijani wa kioo. Na mayai wanayabandika papo hapo, kwenye ute. Vijidudu vyako vinayakwangua."

Tusekile aliinama kuwatazama wale wawili. Konokono wale baba mkwe wake, marehemu, aliwachota Ziwa Jipe mwaka wa mwisho kabla halijakauka. Hakuna tangi jingine popote lililokuwa nao.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Uliniletea zawadi. Ningeanzia wapi kumwambia mkwe wangu zawadi yake inaua? Ungekanyaga tena hapa?"

Tusekile aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa amevifundisha vikwanguzi kutofautisha doa na kioo. Hakuwahi kujiuliza doa lenyewe ni nini. Alikunja mkono wa gauni, akavitoa kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, akavifungia kwenye kikopo. Kisha akatafuta kitambaa cha kufuta maji yaliyomwagika.

"Acha," alisema Bi. Nakiete. "Kaa."

Akakaa. Walikaa wawili mbele ya tangi mpaka chai ikapoa, na Tusekile hakujua mikono yake aiweke wapi.

Wiki ya sita tangu avitoe vikwanguzi, alipiga simu kama kawaida.

"Mama, kioo kikoje?"

"Kichafu, mwanangu!" Bi. Nakiete alikuwa akicheka. "Kichafu hasa, hata ndani sioni. Lakini pembeni kuna ute, na ndani ya ute nimehesabu vidoti kumi na tisa. Kimoja kinatembea."

Tusekile alilia bila kuficha sauti.

"Njoo uwaone," alisema mama mkwe. "Na ukija, ole wako uguse ufagio."