Paskalia na Mume Aliyefunga Mzigo

Hebu niambie, mjukuu wangu, mumeo akikasirika mkiwa kwenye ardhi ya mama yako, nani afunge mzigo?

Kwetu milimani Uluguru shamba hufuata upande wa mama. Kwa hiyo aliyekuwa akifunga ni Benedikto: blanketi, shoka, redio ya betri. Mkewe, Paskalia, alikuwa kwenye kigoda akijipaka mafuta taratibu, kidole kwa kidole, mpaka visiginoni.

"Hayo mafuta ni ya kumpendezea Kasiani?"

"Ni ya visigino vyangu."

Kabla ya ndoa Paskalia aliimba katika bendi ya dansi mjini Morogoro, Kasiani akimpigia gitaa. Bendi ikafa, naye akasahaulika, akawa mkulima wa karoti. Sasa serikali imeruhusu biashara huria, kila mtu anajaribu lake, na Bhavik, muuza kanda wa mjini, ameandaa onesho la nyimbo zile za zamani, akamwita Paskalia aende kuimba na Kasiani.

"Siku ya ndoa nilisema dansi nisiisikie kwangu."

"Kwako wapi, baba Upendo? Nimenyamaza miaka yote kwa kukuheshimu tu."

"Basi naenda kwa kaka yangu, Turiani."

"Nenda salama. Ila lori la kabichi ni moja."

Ikabidi wapande wote. Walikaa juu ya magunia, Benedikto kampa mkewe mgongo. Kwenye kona lori likayumba. Akamdaka mkono asianguke, kisha akauachia upesi kama kashika kaa la moto.

Mjini Benedikto alikuta basi la Turiani limeshaondoka. Akazunguka, akazunguka, mwishowe akatokea mlangoni mwa ukumbi wa onesho, mtaa wa Mwembesongo.

"Mzee, mzigo uache nje," Bhavik alimwambia.

"Na mke wangu aliye humo ndani, naye nimwache?"

Bhavik akampisha na mzigo wake.

Jukwaani Kasiani, kichwa cheupe kwa mvi, alimwinamia Paskalia na gitaa, wakitafuta sauti. Benedikto akauma meno. Kisha Kasiani akashika maiki.

"Kanda ziliandikwa jina langu. Lakini maneno yote ya mapenzi mliyoyapenda katunga huyu mama. Mimi nilipiga nyuzi tu."

Makofi yakalipuka. Miaka yote Benedikto aliamini Kasiani ndiye aliyemtungia mkewe maneno yale. Akapita katikati ya viti, shoka likigonga magoti ya watu, hadi chini ya jukwaa.

"Mama Upendo. Kumbe ni wewe. Ulimtungia nani?"

Paskalia akashusha maiki.

"Hakuwa na jina bado. Nilikuwa namtafuta. Halafu ukaja wewe, ukaninyamazisha."

Watu wakacheka. Benedikto hakucheka. Alitua mzigo chini, akajifuta uso kwa kiganja.

"Waimbie hawa, wametoka mbali. Kasiani naye akupigie, basi. Ila tukirudi nyumbani uniimbie mimi, peke yangu. Nilitaka hivyo tangu nikuoe. Nikashindwa kuomba, nikakukataza."