Kiriba cha Sisimizi

Mtaani kwetu kila nyumba ina ukuta na geti, na nyuma ya kila ukuta kuna kiwanja kidogo ambacho mwenyewe hajui akifanyie nini. Jirani yetu fundi viatu aliamua kupanda mti. Alimchukua binti yake, ambaye kwa kutotulia mahali pamoja wote tulimwita Sisimizi, wakaenda Jumamosi asubuhi kwa mama wa miche, yule anayeuza miti ya asili karibu na daraja.

Mama wa miche hakuwa mtu wa kuuza alimradi auze. Aliuliza ukuta uko umbali gani, bomba la maji linapita wapi, jua linapiga upande upi. Mkuyu aliukataa, akasema mizizi yake itanyanyua msingi wa nyumba. Mvule nao ukikua, watakaohama ni wao. Akawaonyesha mringaringa, mti wa kivuli kizuri na maua meupe yanayopendwa na nyuki, ambao majani yake yakianguka hurutubisha udongo. Kati ya miche yote Sisimizi akachagua uliopinda. Alisema huo hakuna mwingine atakayeuchagua.

Walipofika nyumbani alichovya kidole kwenye rangi nyeupe ya viatu ya baba yake, akachora uso kwenye kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki uliobeba udongo wa mche. Macho mawili na mdomo unaocheka. Wakakubaliana kwamba mvua zikikolea watapanda.

Mganga hajigangi. Fundi alishona viatu vya mtaa mzima, lakini vile vyeusi vya shule alivyomtengenezea mwanawe vilikuwa vinabana. Kila alasiri Sisimizi akirudi shule alikuja barazani, akaweka mguu juu ya goti la baba yake amfungulie kishikizo, akalalamika kwamba vinambana. Na Fundi, mikono imejaa viatu vya watu, alimjibu kwamba kesho atavitia kwenye kalibu, lile umbo la mti la kutanulia viatu. Kesho ikazaa kesho. Kisha ikaja homa, ikamaliza kila kitu kabla ya mvua.

Walimzika na sare yake ya shule. Viatu alimvalisha Fundi mwenyewe. Ilibidi asukume.

Mvua zilipokolea akaupanda mringaringa peke yake. Kila anayepanda miti anajua kwamba kiriba huchanwa kwanza ili mizizi ipate pa kupita, na mama wa miche alikuwa amemkumbusha zaidi ya mara moja. Fundi alishika kisu chake cha kukatia ngozi, akautazama ule uso mweupe, akashindwa. Ulikuwa mchoro wa mwisho wa mwanawe. Akaufukia mche na kiriba chake, uso ukielekea nyumbani.

Ilianza alasiri moja ya jua kali, saa ya watoto kutoka shule. Fundi alikuwa barazani anashona soli. Pale shinani kwa mche ikatoka sauti ndogo, iliyochoka.

"Baba, vinanibana."

Hakukimbia, na hilo ndilo linalonitia uchungu kila nikilikumbuka. Alienda akalala kifudifudi, sikio kwenye udongo, akalia kwa furaha. Siku iliyofuata aliacha kazi mapema, akasubiri, na sauti ikaja. Majani ya mche yakaanza kugeuka manjano. Fundi akayaona, na sababu aliijua, maana anayefahamu mguu unavyobanwa hashindwi kufahamu mzizi unavyobanwa. Lakini akikichana kiriba sauti itanyamaza, na mwanawe atampata wapi tena? Basi akamwagilia maji, akafunga mdomo wake.

Sauti ikasogea. Ikatoka mcheni ikaja katikati ya uwanja. Kisha ikafika ngazini. Alasiri moja Fundi alikuwa ameinamia kazi, akahisi kitu kimewekwa juu ya goti lake. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa na uzito wa mguu wa mtoto. Kilikuwa baridi. Akafumba macho. Mkono wake ukaenda wenyewe kutafuta kishikizo, ukashika hewa.

"Baba." Sasa sauti ilikuwa sikioni. "Vinaniumiza."

Alipofumbua macho hapakuwa na mtu. Kwenye aproni yake palikuwa na alama ya udongo mbichi, alama ya soli ndogo aliyoikata yeye.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Fundi akaifunika ile alama kwa kiganja, kama mtu aliyefumaniwa.

"Usiifiche," mkewe akanong'ona. "Na mimi namsikia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Niliogopa nikikwambia utamwacha aende." Akashika mwimo wa mlango. "Analia, Baba Sisimizi. Mtoto analia, na sisi tumekaa tunamsikiliza kama redio."

Fundi akainuka. Akachukua kisu.

Walichimba kwa mikono, wote wawili, wamepiga magoti. Kiriba kikatoka kizima. Uso ulikuwa bado upo. Mizizi ilikuwa imekisukuma kwa ndani mpaka plastiki ikavutika, na ule mdomo uliokuwa unacheka sasa ulikuwa wazi. Wazi kabisa. Mkewe akageukia ukutani.

"Nisamehe, mwanangu," Fundi alisema, akachana kuanzia juu mpaka chini.

Mizizi ilikuwa imejikunja, mmoja juu ya mwingine, kama vidole kwenye kiatu kidogo. Akaikunjua mmoja mmoja. Wa mwisho ulipoachia, pakasikika pumzi. Ndefu. Pumzi ya mtoto aliyevuliwa viatu. Kisha kimya.

Kimya hicho ndicho kilichowamaliza. Alasiri zilikuja, watoto wa watu wakapita nje ya geti na kelele zao, na ndani hakuna aliyeita baba. Mringaringa, walioupanda upya, ukatoa majani mapya, mapana, na Fundi hakuweza kuyatazama. Mkewe akawa anakaa barazani saa ileile, akijifanya anachambua mboga. Kila mmoja alijua mwenzake anasubiri nini.

Alasiri moja mke akaenda ndani kuchukua kiti, na aliporudi akakuta viatu ngazini. Vyeusi, vidogo, vimepangwa pamoja, vimejaa udongo. Vishikizo vilikuwa vimefunguliwa. Akamwita mumewe kwa sauti isiyosikika vizuri. Fundi akageuza soli, akauona mshono wake mwenyewe. Akaingiza mkono ndani.

Vilikuwa bado na joto.

Hakuuliza vimetoka wapi. Ahadi ni deni. Akavipangusa, akavipaka mafuta, akavitia kwenye kalibu na kuvitanua taratibu, machozi yakidondoka kwenye ngozi ya viatu, mkewe akiwa ameketi kando yake mpaka jua likazama. Kisha akavirudisha palepale ngazini, wakaingia kulala.

Asubuhi havikuwepo. Mvua kidogo ilikuwa imenyesha, na udongo wa uwanja ulikuwa laini. Kutoka ngazini mpaka shinani kwa mringaringa palikuwa na alama za viatu vidogo, zimeachana sana, alama za mtoto anayekimbia. Za kurudi hazikuwepo.