Kioo cha Ufa

Mhandisi alikutwa asubuhi chini ya ukuta wa mawe aliokuwa akiujenga kuuzuia mteremko usimomonyokee baharini. Kisogo kilikuwa kimepondwa.

"Hakuanguka huyu," alisema daktari wa polisi. "Kapigwa nyundo."

Inspekta alipanda juu kwenye nyumba za mteremko huo, akiongozwa na mpimaji wa mradi, mtu mpole aliyezaliwa papo hapo. Mtaro wa saruji ulikuwa na ufa, na juu ya ufa kimegandishwa kipande cha kioo chenye tarehe.

"Hiki cha nini?"

"Mteremko ukisogea kinavunjika, afande. Kikivunjika, wote tunahamishwa."

"Na hiki?"

"Kizima tangu mwezi jana."

Inspekta aligusa gundi. Ikamnata kidoleni. Gundi ya mwezi mzima hainati, hata asiye fundi anajua.

"Umebadilisha vingapi, ndugu yangu?"

Mpimaji aligeukia baharini.

"Nakuuliza!"

"Vinne." Mpimaji alikaa chini. "Jana jioni mhandisi alinikuta nabandika cha nne. Akatoa simu asimamishe kazi. Nilimpigia magoti, afande! Zilibaki nguzo tano tu za ukuta mteremko ushikwe. Kazi ikisimama mafundi hawarudi, nyumba zinabomolewa. Mama yangu kazaa humo, kafiwa na mume humo. Nikaona kumtoa ni kumuua. Nyundo ilikuwa mkononi. Kisha nikamsukumia chini."

Tak! Kioo kikapasuka mbele ya macho yao.

Inspekta alimtia pingu huku akipiga kelele watu watoke. Wakatoka mbio, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Mlango mmoja tu ulibaki umefungwa. Aliugonga mpaka ngumi ikauma. Akamvuta mpimaji mbele.

"Mama, ni mimi. Fungua."

"Kioo vipi leo, baba?" sauti ilitoka ndani. Kila asubuhi alimuuliza hivyo, na kila asubuhi alijibiwa ni kizima.

Mpimaji alizitazama pingu. Alikuwa ameua mtu ili asilitoe jibu hili.

"Kimevunjika, mama. Kilivunjika siku nyingi."

Komeo likavutwa. Mama alisimama mlangoni amevaa viatu, kifurushi kimefungwa vizuri mkononi, kamba yake imeshaingia vumbi.

"Si ungeniambia tu, mwanangu," alisema. "Ningetoka."