Salamu za Jumatano Makaburini

Kijijini kwa Keneuoe, mtandao wa simu ulipatikana mahali pamoja tu: makaburini. Aliyetaka kupiga simu alijifunga blanketi, akapanda kilima, akasimama kati ya mawe ya wafu. Watu walikwisha kuzoea. Wanawake waligombana na waume zao wa migodini wakiwa palepale.

Jumatano moja mchana Keneuoe alipanda, mtoto mgongoni. Ukungu ulikuwa mzito. Mkononi alishika simu ya dada yake Moliehi, aliyeuawa na radi wiki iliyotangulia. Kaburi lake lilikuwa hapo, udongo bado mbichi. Mara simu ikatetemeka.

"Habari yako? Uko salama?"

Hapakuwa na jina. Namba ilikuwa ngeni. Lakini maneno yale aliyajua vizuri. Ndivyo Moliehi alivyomuuliza kila Jumatano. Alishuka kilima mbio.

"Usijibu!" mama mkwe alisema. "Maiti akikuita ukaitika, umekwenda naye. Izime hiyo simu, mwanangu."

Aliizima. Lakini Jumatano iliyofuata alishindwa kujizuia, akapanda tena. Swali likaja lilelile. Jumatano ya tatu ujumbe ulikuwa mwingine: "Hatujakusikia. Tunakuja kwako."

Keneuoe alikuwa na siri. Aliishi na virusi vya UKIMWI, na katika jamaa zake Moliehi peke yake ndiye aliyejua. Ndiye aliyemkumbusha vidonge. Tangu mazishi hakuvigusa. Anayeitwa na wafu, alijiambia, dawa itamsaidia nini? Na mwanawe Tlotliso, wa miezi minne, alikuwa akinyonya.

Kesho yake asubuhi mtu alitokea ukunguni. Alijifunika blanketi mpaka machoni. Akasimama mlangoni. Kisha akasema, "Keneuoe, nimekuja. Mbona hujibu?"

Mama mkwe alipiga yowe, akainua mwiko wa uji.

"Mama, weka mwiko chini!" mgeni alisema, akifunua uso. "Mimi mzima bado. Ni baridi hii tu inayotaka kuniua."

Alikuwa Puseletso, mhudumu wa afya wa kijiji cha pili. Alimwomba Keneuoe watoke, wakasimama wawili tu nyuma ya zizi.

"Ujumbe ule unatoka kliniki," alisema kwa sauti ya chini. "Ulipojiandikisha hukuwa na simu. Dada yako akatoa namba yake."

"Mbona haukutaja kliniki?"

"Makusudi. Hautaji kliniki wala ugonjwa, ili akiuona mwingine asijue siri yako. Ukiwa mzima, unajibu 'salama.' Ukiwa na tatizo, unajibu 'nina shida,' na muuguzi anakupigia. Ukinyamaza, tunakuja. Vidonge unameza?"

Keneuoe alitazama chini. "Wiki tatu sijameza, dada. Niliogopa."

"Sikugombezi. Lakini ukiacha dawa, virusi vinaongezeka, na mtoto anaweza kuvipata kwenye maziwa. Ukimeza kila siku, vinapungua sana, nawe unamlinda. Mbebe, twende sasa hivi."

Kliniki, muuguzi aliwapima wote wawili, akawapa dawa. Mtoto alikuwa bado hana virusi, lakini angepimwa tena na tena mpaka aache kunyonya. Kisha akamwonyesha Keneuoe ujumbe wa zamani ambao Moliehi alikuwa akijibu kwa simu. Kila Jumatano lilikuwa jibu moja: "Salama. Nimekwenda kwake, nimeona akimeza."

Moliehi alikuwa akivuka bonde zima kwa miguu kwanza, ndipo ajibu. Keneuoe hakujua kwamba hiyo ndiyo sababu ya dada yake kuja kila Jumatano. Alilia mpaka Puseletso akampa pembe ya blanketi lake.

Tangu siku hiyo alimeza vidonge kila jioni. Alijibu mwenyewe kila wiki. Mara mbili aliandika "nina shida," na mara mbili muuguzi alimpigia siku ileile.

Tlotliso aliacha kunyonya, akapimwa mara ya mwisho. Muuguzi alitoka na karatasi.

"Hana virusi."

"Rudia," Keneuoe alisema.

"Hana virusi, mama."

"Rudia tena."

Muuguzi akarudia.