Sombe Bila Chumvi

Safi alitia chumvi kwenye sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, mara ya pili, akakoroga, akaonja. Maji matupu. Akatia mara ya tatu, tena chumvi yenyewe ya kutafuta kwa taabu tangu wazungu waanze vita vyao, na bado ulimi wake haukuambulia kitu. Ulimi ulikuwa mzima. Alipoilamba chumvi kiganjani ilimkereketa vizuri tu. Kilichokufa ladha ni chakula, na mke yeyote wa mganga pale Kabambare alijua maana yake: jini amekula kwanza.

Jini wa Atumani, mumewe, alikaa kwenye mtungi nyuma ya mlango. Mwalimu wake wa Kasongo alimwachia pamoja na masharti: mtungi ujazwe maji kila Ijumaa, na jini atumwe kwa mgonjwa aliyeomba dawa kwa kinywa chake, si kwa mwingine. Miaka kumi na minne Atumani aliyashika. Aliponya watu, akala wali wake, akalala usingizi wa mtu asiye na makuu. Tuseme ukweli, alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linalouma.

Kisha akaja Hippolyte, msimamizi wa pamba. Aliyekutwa na magugu shambani alichapwa kiboko, na siku moja alimchapa mjane Cécilia mpaka akazimia. Atumani akashindwa kuvumilia. Alimtuma jini kwa mtu ambaye hakuomba, na kulipokucha mkono wa kuume wa Hippolyte ulikuwa unaning'inia, hauwezi kushika hata kijiko. Kijiji kizima kilishangilia. Safi mwenyewe alipiga vigelegele, jambo ambalo hakujisamehe kamwe.

Baada ya hapo sababu hazikukosekana. Jirani aliyebishia mpaka wa shamba akawa bubu. Mwanamke aliyecheka msibani akapofuka jicho. Na juzi Ismaël, kaka yake Safi, alisimama mbele ya watu akasema Atumani hana tena tofauti na Hippolyte, ila kiboko chake hakionekani. Atumani alitabasamu tu, akamwalika aje leo adhuhuri wapatane.

Safi alikiepua chungu. Jua lilikuwa la utosini, lakini kuku wote walikuwa wamejibanza pembe moja ya uani, kimya. Kutoka ndani ilikuja harufu ya udi na nywele zilizoungua, kisha sauti ya mumewe ikinong'ona, "Ismaël... Ismaël..." na nyuma yake sauti nyingine, nyembamba, ikilirudia jina lile polepole, kama mtoto anayefundishwa kusoma.

Aliingia na mchi mkononi.

"Bwana," alisema kwa sauti ya chini, "ule iko ndugu yangu. Tulinyonya ziwa moja."

"Nyamaza, Safi. Mara hii moja tu, kisha ninafunga mtungi."

"Ulisema vile kwa Hippolyte."

"Watu wakiniona sina nguvu, ni nani atawalinda?"

"Na weye je, ni nani atawalinda na weye?"

Atumani akaugeukia mtungi, na Safi, akiwaza mkono ule ulioning'inia na jicho lile lililopofuka na kaka yake ambaye sasa hivi alikuwa njiani akitembea bila kujua chochote, aliuinua mchi kwa nguvu zote alizokuwa nazo akaupiga mtungi, ukapasuka, na ndani hamkuwa na hata tone la maji, ila vumbi na utando wa buibui wa Ijumaa nyingi zilizosahauliwa.

Atumani alianguka chini akilia.

"Ametoka, Safi. Nimemusikia akitoka. Imeisha. Unisamehe, muke wangu."

Alilia kama alivyolia siku waliyomzika mtoto wao wa kwanza. Moyo wa Safi ukalainika. Alimkumbuka mtu yule aliyemwoa. Akapiga magoti, akamkumbatia, akaweka shavu lake kwenye la Atumani, na machozi ya mumewe yakamtiririkia mdomoni.

Hayakuwa na chumvi.

"Hodi!" Ismaël aliita nje. "Shemeji, nimekuya tupatane!"

Safi alifungua kinywa apige kelele kumwambia kaka yake akimbie, lakini sauti haikutoka.

"Karibu," alisema Atumani, na sauti ile nyembamba ikasema naye.