Karatasi za Maua Nyuma ya Kabati

Habari hii nilisimuliwa na Gladness mwenyewe, Pasaka iliyopita, tukiwa tumekaa chini tunachambua dagaa kwenye ungo. Alikuwa akicheka anaposimulia, lakini siku yalipomkuta hakucheka hata kidogo.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na asubuhi zake zote zilifanana. Aliamka, akafagia uwanja, akachota maji kwenye bomba la jirani yao Mama Dorotea, akamchemshia baba yake chai. Baba yake, Luhende, alikuwa fundi wa kutengeneza mitumbwi pale mwaloni, ufukweni mwa ziwa. Kabla ya kwenda kazini alipitia hospitali kumpelekea mkewe uji, na jioni alipitia tena. Mama yake Gladness, Justa, alikuwa wodini wiki ya tano. Alikuwa amejifungua njiti, mtoto wa kiume ambaye uzito wake haukufika hata mfuko wa sukari wa kilo mbili, na kifua chake kilikuwa kinavuta pumzi kwa shida.

Jumatatu moja jioni Luhende alirudi akakaa kwenye kigoda bila hata kuvua viatu.

"Jumamosi wanaruhusiwa," alisema. "Lakini nesi ameniuliza tunaishi nyumba ya namna gani, nami nikamwambia ukweli. Amesema mtoto yule asilazwe kwenye chumba chenye fangasi, kifua chake hakitaweza. Zile karatasi za ukutani zitoke zote, ukuta uoshwe, upigwe chokaa. Mashimba atakuja kupiga chokaa Ijumaa. Sasa nani wa kuzibandua?"

"Mimi," alisema Gladness. "Siku mbili tu, baba."

"Mwite Mama Dorotea akusaidie."

"Wa nini, baba? Karatasi tu hizo."

Nyumba yao ilikuwa Igogo, imeegemezwa kwenye jiwe kubwa kama zilivyo nyumba nyingi za mlimani kule. Mvua ikinyesha jiwe lilitoa maji, na ukuta wa nyuma wa chumba cha wazazi uliyanywa yote. Mzee aliyewauzia nyumba alikuwa karani mstaafu mwenye kupenda makuu. Chumba kile alikuwa amekibandika karatasi za maua pande zote nne. Zamani yalikuwa maua mekundu. Sasa yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na pembeni yalikuwa na madoa meusi.

Jumanne asubuhi Gladness aliyatazama akabinua mdomo. "Hivi aliyebandika takataka hizi alikuwa na macho kweli?" Akachukua kisu cha jikoni, akaanza.

Kuta tatu zilikuwa na karatasi tabaka moja tu, iliyokwisha kuchoka. Zilitoka, lakini kwa kukwanguliwa kwa nguvu, na kila kisu kilipoteleza kiling'oa na plasta. Gladness hakujali. Alijiona ameweza. Saa sita mchana Mama Dorotea akachungulia dirishani.

"Hodi humo."

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unakwangua kavu, mwanangu? Loweka kwanza. Sufuria yenye ukoko wa ugali unaikwangua kavu?"

"Mama Dorotea, huu ni ukuta," alisema Gladness bila kugeuka. "Sijaupikia ugali."

Mama Dorotea alimtazama mgongo. "Haya, msomi," alisema, akaenda zake. Gladness alicheka peke yake. Mama yule hata ujumbe wa simu alikuwa akiomba asomewe, leo eti anataka kumfundisha mtu wa darasa la saba.

Jumanne jioni ulibaki ukuta wa nyuma, ule wa upande wa jiwe. Huo haukuwa na tabaka moja, ulikuwa na matatu, moja juu ya jingine, nayo yalikuwa yamekauka kwa kiangazi yakawa magumu kama ubao. Jumatano Gladness alikwangua tangu asubuhi, na mpaka adhuhuri alikuwa amesafisha pembeni pembeni tu. Katikati palibaki eneo pana kama mlango, na hapo ndipo penye fangasi nyeusi tii. Kiganja kikatoa malengelenge. Ncha ya kisu ikakatika.

Akakaa chini, akautazama ukuta, akalitazama kabati la nguo la mama yake lililokuwa upande wa pili. Halafu akainuka. Mikono ileile iliyokuwa imechoka hata kushika kisu ikapata nguvu ya kusukuma kabati zima la mninga, hatua kwa hatua, mpaka likafunika pale peusi pote. Ndivyo ulivyo uvivu. Ukitakiwa kufanya kazi unaumwa, ukitakiwa kuficha unapona.

Luhende alirudi usiku umeingia, akaingiza kichwa chumbani. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Alimwekea mkono kichwani. "Nitamwambia mama yako."

Alhamisi asubuhi alifika shangazi yake, Evelina, kutoka Kigongo, na ndoo ya samaki wa kukaanga kichwani. Shangazi Evelina alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na ulimi usiomwonea mtu haya. Alipokea shikamoo ya Gladness, akatua ndoo, akaenda moja kwa moja chumbani kukagua.

"Ukuta huu ulipigana na nani?" aliuliza.

"Ni kisu, shangazi. Kiliteleza."

"Kiliteleza mara mia? Panya wa kule kwetu wangeutafuna kwa mpangilio kuliko hivi. Mashimba atajaza mashimo wiki nzima." Alipitisha kidole kwenye shimo moja, akakipuliza. "Haya. Angalau zimetoka."

Simu ya shangazi ikalia. Alikuwa Justa, kwa simu ya kuazima wodini, na alitaka kuongea na Gladness.

"Mwanangu, baba yako ameniambia," sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na furaha. "Nimewaambia wenzangu wote huku. Nimesema, mimi nina binti."

"Ndiyo, mama," alisema Gladness.

Alipokata simu, shangazi yake alikuwa tayari anapima sakafu kwa hatua. "Kitanda cha wazazi wako kibaki dirishani. Cha mtoto tutakiweka huku, ubavuni mwa kabati. Ndipo pasipo na upepo."

Gladness aliutazama ule ubavu wa kabati. Alimfikiria mdogo wake, ambaye alikuwa amemwona mara mbili tu, kifua chake kikipanda na kushuka haraka haraka. Kusema ilikuwa kudharauliwa na shangazi huyu, na baba, na mama, na wodi nzima. Kunyamaza ilikuwa kumlaza mtoto pale.

"Shangazi, hapo pasiwekwe mtoto."

"Kwa nini?"

"Nyuma ya kabati bado."

 Shangazi Evelina aliweka bega, akalisukuma kabati mara mbili, likasogea. Akatazama. Yale maua yalikuwa yamejaa weusi kama sakafu ya jiko la kuni. Gladness alitamani apigwe kofi yaishe.

"Ulipanga umwambie nani?" aliuliza shangazi. "Mtoto?"

Shangazi aliligonga kabati kwa kiganja.

"Kabati hili umelisukuma peke yako?"

"Ndiyo."

"Basi nguvu unazo. Kilichokosekana ni kitu kingine." Aliinama, akakwaruza karatasi kwa ukucha, akaweka mate kidoleni, akasugua, akanusa. Akaguna kwa dharau. "Muhogo."

"Nini, shangazi?"

"Gundi yake. Ni uji wa muhogo, kama ule wa kubandikia magazeti kwenye nyumba za udongo. Makaratasi ya kujidai mjini, gundi ya jikoni. Fangasi ilipojitokeza, mzee yule akabandika jingine juu. Ikajitokeza tena, akabandika la tatu. Mtu mzima na suruali yake. Na wewe ukaja ukabandika kabati." Alijifuta kidole kwenye kanga. "Uji uliokauka unalegezwa na maji ya moto. Hilo hata mtoto anayeosha vyombo analijua. Hukuambiwa na mtu?"

"Mama Dorotea aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

Gladness alimweleza alichomjibu. Shangazi Evelina alifumba macho kidogo. "Nenda kwake. Omba lile sufuria lake kubwa."

Hatua zile kumi na tano za kuvuka uwanja zilikuwa ndefu kuliko njia ya kwenda shule. Mama Dorotea alikuwa anapepeta mahindi.

"Sufuria ya nini?"

"Ya kuchemshia maji."

"Maji ya nini?"

"Ya kuloweka ukuta, mama. Na nisamehe kwa nilivyokujibu."

Mama Dorotea aliendelea kupepeta. "Kumbe ukuta nao unapikwa," alisema. Kisha akaweka ungo chini, akaleta sufuria, naye mwenyewe akafuata nyuma na matambara.

Walizima umeme wa chumba kile, maji yasije yakaingia kwenye swichi. Gladness alipewa msumari achore mistari ukutani, kwa sababu tabaka la juu lilikuwa la plastiki na maji yasingepenya. Kisha wakapaka maji ya moto kwa matambara, juu mpaka chini. Mara tu walipomaliza, Gladness akashika kisu.

"Weka chini," alisema shangazi. "Kaa."

"Tunangoja nini?"

"Tunangoja maji yafanye kazi yako. Kunywa chai."

Kungoja kulimshinda Gladness kuliko kukwangua. Walipaka mara ya pili, wakangoja. Mara ya tatu, karatasi ikaanza kulegea yenyewe. Shangazi akaishika kwa chini kwa vidole viwili, akaivuta kuelekea juu polepole, na matabaka yote matatu yakaja pamoja, mazito, yananuka uji uliochacha. Gladness akafuata. Safari hii mwiko wa ugali ulitosha, na plasta haikuumia.

Fangasi iliyobaki shangazi aliiosha mwenyewe kwa maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, amejifunga kitambaa puani, madirisha wazi. Gladness alifukuzwa atoke nje. "Kifua kimoja kibovu kinatosha nyumba hii," aliambiwa.

Luhende aliporudi jioni, Gladness alimsimulia yote kabla hajaulizwa. Baba yake alisikiliza ameinamisha kichwa. "Mimi nilimwambia mama yako umemaliza," alisema. "Jumamosi utamwambia mwenyewe." Hakumwekea mkono kichwani.

Ijumaa Mashimba alifika na ndoo ya chokaa, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma, akatikisa kichwa.

"Umelowa. Nikipiga leo itabanduka yote. Ungeloweshwa Jumanne, leo ningepiga. Nitarudi wiki ijayo."

Kwa hiyo Jumamosi Justa alipofika na mtoto kifuani, chumba chake kilikuwa kitupu, madirisha wazi, ukuta una mabaka ya maji. Gladness alimngoja mlangoni.

"Mama, nilisema uongo. Nilificha nyuma ya kabati. Ndiyo maana ukuta haujakauka. Mtalala chumbani kwangu, mimi nitalala sebuleni."

Justa alimtazama mtoto, akamtazama Gladness. "Nilijivuna wodi nzima," alisema taratibu. Gladness alitaka ardhi imfunike. Mama akavua kandambili, akaingia, akakaa. Kisha akasema, "Nawa mikono, uje umpokee. Mgongo unaniuma."

Gladness alilala kwenye mkeka sebuleni siku tano, mbu na yeye. Jumanne Mashimba alikuja, akajaza mashimo huku akiguna kwa kila moja, akapiga chokaa mara mbili. Alhamisi ukuta ulikuwa mkavu, mweupe, hauna harufu. Mtoto akahamishiwa kitandani kwake. Alikuwa amepewa jina la Ngosha, yaani mwanamume kwa lugha ya kwao, nalo lilikuwa bado kubwa kuliko yeye.

Siku hiyo baada ya kula mchana, joto likiwa limetulia juu ya mawe, shangazi Evelina alikuwa amekwisha kufunga ndoo yake tayari kwa safari ya jioni. Aliegemea ukuta mweupe, akanyoosha miguu, akamwita Gladness akae karibu.

"Mimi sikukudharau kwa sababu kazi ilikushinda," alisema. "Ukuta ule ungemshinda yeyote asiyeujua. Ilipokushinda ungesema imenishinda, watu wangekuja, na sufuria zao. Nilikudharau kwa sababu uliificha. Kazi mbovu ukiificha, haiishi. Inamngoja mtu mwingine, na safari hii ilikuwa inamngoja mtu asiyeweza hata kugeuza shingo. Na anayekuonyesha njia, msikilize, hata kama hajui kusoma simu. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Haya. Nyamaza sasa nipumzike."

Akalala palepale, mdomo wazi. Justa alikuwa amekwisha kusinzia kitandani, mkono wake umening'inia. Luhende alikuwa kazini. Gladness alijilaza sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, akasikiliza. Pumzi ya Ngosha ilikuwa inaingia, inatoka, inaingia, bila kukwama. Alijaribu kuzihesabu. Alifika thelathini na kitu, akapotewa na hesabu, akaanza upya, na kabla ya kufika kumi naye akalala.