Kiatu Kimoja Kidogo, Kiatu Kimoja Kikubwa

Haya wanangu, kaeni, nyosheni miguu. Inalingana? Hongereni. Ya Mwasiti hailingani.

Mguu wake wa kulia ni mkubwa kidogo. Wa kushoto ni mdogo kidogo. Haimuumi. Ndivyo alivyozaliwa.

Lakini Jumatatu anaanza darasa la kwanza, na viatu vimemshinda.

Mama alimletea namba ishirini na nane. Cha kushoto, sawa. Cha kulia, kinabana.

Mama akaleta namba ishirini na tisa. Cha kulia, sawa. Cha kushoto, kinapwaya. Kwap, kwap, kwap, kikabaki mlangoni.

"Mama, nitachechemea mbele ya watoto wote," Mwasiti akasema. Machozi yakamlengalenga.

Ijumaa wakaenda kwa Fundi Makame, anayeshona viatu kwa mkono pale kona ya soko. Ti, ti, ti, nyundo yake ndogo inagonga.

"Kanyaga hapa, mwanangu," akasema. Akachora mguu mmoja kwenye karatasi, akachora na wa pili. Penseli ikamtekenya Mwasiti, akacheka.

"Mimi nashona kimoja kimoja," Fundi akasema. "Kiatu changu kinaufuata mguu."

Mwasiti akagusa kiatu kilichokwisha kushonwa. Mishono midogo, midogo, imefuatana kama siafu njiani. Kizuri mno.

"Vyangu lini, Babu?"

"Wapo watu sita mbele yako. Njoo Jumatano."

Mwasiti akahesabu kwa vidole. Jumatatu inafika kabla ya Jumatano. Akaomba ile karatasi yenye miguu yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumamosi Mama akaenda naye kazini, kwenye kiwanda cha viatu. Pa, shuu. Pa, shuu. Mashine kubwa zinaguruma.

Huyu anakata ngozi. Yule anapaka gundi. Yule anatia kamba. Hakuna anayetengeneza kiatu kizima, lakini viatu vinatoka, vinatoka, vinatoka.

"Jozi mia mbili kabla ya chakula cha mchana," Mama akasema kwa kujidai.

Mwasiti akafumbua mdomo, akasahau kuufunga.

"Na vyote ni namba ishirini na nane," akasema Bi Asteria, msimamizi wa kiwanda. "Mashine hii inatoa namba moja tu kwa wakati. Mchana tunabadilisha kalibu, lile umbo la mguu linalovishwa ngozi. Hapo tunaanza ishirini na tisa."

Mchana ukafika. Mashine ikanyamaza. Wakafungua kalibu ndogo, wakafunga kalibu kubwa. Pa, shuu. Pa, shuu.

Mezani palikuwa na jozi ya mwisho ya ishirini na nane. Pembeni yake, jozi ya kwanza ya ishirini na tisa.

Mwasiti akatazama hii, akatazama ile. Akatoa karatasi ya Fundi Makame, akaitandaza.

Akaweka kiatu kidogo juu ya mguu wa kushoto. Akaweka kiatu kikubwa juu ya mguu wa kulia. Kisha akavivaa.

"Cha kushoto, sawa," akasema polepole. "Cha kulia, sawa."

Akatembea mpaka mlangoni. Akarudi. Hakuchechemea hata kidogo.

Bi Asteria akacheka. "Miaka yote hii sijawahi kuchanganya jozi. Mashine yangu haikujui wewe, lakini karatasi ya Fundi inakujua."

Kisha akashika vile viwili vilivyobaki. Cha kushoto kikubwa, cha kulia kidogo. "Na hivi atavaa nani?"

"Nipe mimi," Mwasiti akasema. "Nitamtafuta mwenyewe."

"Usipompata, nirudishie."

Jumatatu, Mwasiti alisimama mstarini shuleni. Hakuna aliyemtazama miguu. Yeye ndiye aliyetazama miguu ya wenzake, jozi baada ya jozi.

Nyuma kabisa, mvulana mmoja alikuwa anachechemea. Alikuwa amejaza kitambaa ndani ya kiatu cha kulia. Jina lake Sudi.

"Cha kushoto, sawa?" Mwasiti akamnong'oneza. "Cha kulia, kinapwaya?"

Sudi akatoa macho. "Umejuaje?"

Mwasiti akafungua begi, akatoa vile viwili. Sudi akavaa. Akakanyaga huku, akakanyaga kule.

"Cha kushoto, sawa," Sudi akasema. "Cha kulia, sawa."

Jioni wakapita wote wawili kwa Fundi Makame. Fundi akainama, akavikagua viatu kwa vidole vyake vyeusi.

"Hawa watu wa kiwandani wanajua kazi," akasema. "Haya, nipeni miguu. Jumatano nawashonea ndara za sikukuu, kila mtu na mguu wake." Akachukua penseli, na Sudi naye akatekenywa.

Usiku ule Mwasiti alivua viatu, akavipanga mlangoni. Kidogo kushoto, kikubwa kulia.

Nyumbani kwao, Sudi naye akavipanga vyake. Kikubwa kushoto, kidogo kulia.

Ukivikusanya vyote vinne, ni jozi mbili kamili. Sasa lala, na miguu yako ilale.